Kungwi wa Bertrams Aliyefundwa kwa Simu

Alizaliwa wapi na nani, hilo halinihusu. Mimi nilimkuta Johannesburg tayari mtu mzima, ulimi tayari mkali, waume wawili tayari wameshafukuzwa, na hapo ndipo ninapoanzia. Jina lake silitaji kwa sababu hakuna aliyeliita. Wanawake wote wa Kiswahili kuanzia Bertrams hadi Newtown walimwita Kungwi, kwa kuwa ndiyo kazi aliyokuja nayo kutoka kwetu: kumweka mwali ndani na kumfunda kabla hajaenda kwa mume. Mimi nilipika pilau za harusi hizo hizo. Yeye chumbani na bibi harusi, mimi uani na masufuria, harusi baada ya harusi. Shule niliishia darasa la nne na biashara yangu nimeijenga kwa mikono hii, kwa hiyo anayetaka maneno ya kupambwa akatafute kwingine.

Nianze na lililo kubwa. Alikuwa katili. Siku hizi nawasikia wanawake aliowafunda wakisema alikuwa mkali kidogo lakini ana upendo. Mkali ni pilipili. Yule alikuwa katili, alijua kuwa ni katili, na wazazi walimfuata kwa sababu hiyo hiyo. Mabinti wetu wanaozaliwa huku wanasikia Kiswahili lakini wanajibu Kiingereza au Kizulu, wanatafuna bazoka mbele ya wakwe, na mama zao wamechoka kupigizana nao kelele. Walimpelekea Kungwi mabinti kama mtu anavyompelekea mnoa visu kisu kilichokufa makali.

Namkumbuka mmoja, baba wa Tanga, mama Mzulu, msichana mrefu mwenye kucha za kubandika. Kungwi alimfinya paja kwa sababu amekaa vibaya mkekani. Msichana akasema, "Eish, Bibi, inauma."

"Eish ni nani?" Kungwi akamuuliza.

"Sori, Bibi?"

"Huyo Eish. Ndiye mumeo? Maana kila ukiguswa unamwita yeye."

Wanawake wakacheka, msichana akalia. Kungwi alimwacha alie, akampa ncha ya khanga afute wanja, kisha akamfinya paja la pili ili, kama alivyosema mwenyewe, lisione wivu.

Akiingia na mwali alifunga mlango kwa ufunguo, na ufunguo akautia kifuani. Mwali akiuliza atatoka lini, jibu lilikuwa moja: "Ukishakuwa mtu." Akisema anaogopa, jibu nalo lilikuwa moja: "Sijakuuliza kama unaogopa. Nimekuuliza umevaa?"

Lakini hakumfunda kila mmoja sawasawa, na hapa lazima nimpe haki yake. Alikuwa akimtazama msichana kwanza, kimya, anakula mihogo yake ya kukaanga, mpaka aone kinachomtisha. Akishakiona, anakileta kile kile. Binti mmoja alikuwa anamwogopa mno mama mkwe wake. Kungwi akajifunga kilemba kama mama mkwe, akaketi kwenye kiti, akaanza kumtukana yule binti: chai yako maji, miguu yako mijiti, mwanangu ameoa amefumba macho. Alimtukana mchana kutwa. Asubuhi binti alitetemeka, adhuhuri alinuna, alasiri akaanza kucheka hawezi kujizuia. Kungwi akavua kilemba. "Nenda," akasema. "Hatakwambia jipya." Na kweli, yule binti na mama mkwe wake leo wanakaa nyumba moja, na anayeogopa sasa ni mama mkwe.

Mambo yake mengine hayakupatana kabisa. Alifundisha utii, naye hakuwahi kumtii mtu. Nilimuuliza siku moja, "Shoga, huu utii unaouhubiri, wa kwako uliuacha wapi?" Akasema, "Kwenye begi la mume wa kwanza. Alipoondoka nalo, sikumkimbilia." Alisema sauti ya mwanamke isivuke pazia, yake ilifika hadi uwanjani Ellis Park siku za mpira. Alikula pilau langu miaka yote hiyo na hakulisifu hata kidogo. Akimaliza sahani alisema, "Limeliwa," basi, kama polisi anayetoa ripoti. Wale aliowafinya mapaja, wakijifungua, alipanda ngazi zao bila kuitwa, na uji wa pilipili manga kwenye chupa ya chai, akawakanda kwa maji ya moto mpaka wapige kelele tena. Hakuna aliyemwomba. Hakuna aliyethubutu kumkataza.

Huyo ndiye mtu ninayemsema. Sasa nisimulie yaliyompata.

Ilikuwa kwenye shughuli ya jikoni, ile ya wanawake ya kumfunda bibi harusi, ukumbi mmoja wa Newtown, ngoma imekolea, mlango umefungwa na ufunguo uko mahali pake. Bibi harusi alikuwa mwoga wa kupindukia, mikono inamtetemeka hata kikombe hakishiki. Kungwi akasimama katikati kumwigiza. Alitetemesha mabega, akatetemesha midomo, akajishika kifua, akapepesa macho kama kuku aliyemwagiwa maji. Tulicheka hatuna mbavu. Akaanza kuvuta hewa kwa shida, tukacheka zaidi. Akaivuta khanga shingoni kama inamkaba, akatumbukiza mkono kifuani kutafuta ufunguo, vidole vinapapasa havishiki kitu, na mwanamke mmoja akapiga vigelegele na kusema, "Jamani, huyu mama anajua kazi." Akaenda mlangoni. Akaugonga kwa viganja. "Nakufa," akasema. Tukampigia makofi.

Bibi harusi ndiye aliyejua. Mwoga humjua mwoga mwenzake. Aliinuka kwenye mkeka, akatia mkono kifuani mwa Kungwi, akautoa ufunguo, akafungua mlango. Kungwi akaangukia kwenye korido, usoni kijivu kama jivu la jiko langu, na sisi bado mikono iko hewani.

Hospitali wakampima moyo. Moyo mzima. Akarudi nyumbani, lile jambo likamrudia ndani ya lifti. Akapelekwa tena, akapimwa tena, muuguzi akamwambia, "Mama, moyo huu ni mzima kuliko wangu." Likamrudia kwenye teksi, katikati ya watu, akaomba kushushwa barabarani. Kila mara ilikuwa hivyo hivyo: moyo unakimbia, mikono ganzi, kifua kinabana, na uhakika kamili kwamba anakufa sasa hivi. Halafu hafi. Nilimwambia kwa ukali, "Shoga, utakufa lini tupange mambo?" Hakucheka. Hapo ndipo nilipojua kuwa anaumwa kweli.

Wanawake wakaja na dawa zao. Wengine walisema ni jini, wengine husuda ya kungwi mdogo anayetumia maikrofoni. Akanyweshwa kombe la aya, akafukizwa ubani mpaka majirani wakaita zimamoto. Msusi Mkongo wa chini ya jengo, Mama Neema, alikuja na maombi yake. "Huyu mama iko na roho ya woga," akasema. "Mie naonaka hivi kwetu. Inafaa tuombee yeye." Kungwi aliombewa, akaitikia amina, na kesho yake likamshika akiwa anachambua mchele.

Akaanza kuacha vitu. Aliacha lifti, akaacha teksi, akaacha barabara. Harusi zikaanza kwenda kwa yule wa maikrofoni. Mwisho akaacha hata ngazi. Alikaa ghorofa ya tatu, mlango hafungi tena, anauacha wazi mchana kutwa katika jengo ambalo watu wanaiba hata balbu za korido. Mwanamke aliyewafungia wasichana wa mji mzima alikuwa hawezi kusikia kitasa kikilia. Na sote tulijua swali limebaki moja tu: atatoka humo kwa miguu yake, au tutamtoa tumembeba?

Mimi ndiye niliyeshika zamu kubwa. Nilimletea chakula, nilimshika mkono kwenda bafuni mwisho wa korido, nilikaa naye mpaka moyo utulie. Nilibeba chupa ya maji, sukari na kipepeo cha kumpepea. Mtu aliyenidharaulia pilau miaka yote, sasa nikisema naondoka ananikamata gauni. Sitawadanganya kwamba lilinichukiza. Nilipenda. Mkono wake ulikuwa mdogo kuliko nilivyodhani.

Ndipo binti yake aliyeko Durban akamtafutia matibabu ya simu. Si dawa. Ni maongezi ya vidio na msichana wa Mombasa aliyesomea mambo ya nafsi, anakaa Cape Town, kila Jumanne mchana. Tulipolisikia hilo tulilipokea kama tunavyopokea taarifa ya mgonjwa yeyote: tulikwenda. Kwetu mgonjwa haachwi peke yake na mganga. Tulijaa chumba, wengine kitandani, wengine chini, mimi nimeegemea jokofu, simu imesimamishwa kwenye birika.

Msichana akatokea, miwani mikubwa, umri wa mjukuu. "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba."

"Bibi, uko peke yako?"

"Niko peke yangu."

Mama Neema akakohoa.

Yule msichana akasogeza miwani. "Basi naomba yule ambaye hayupo akakohoe nje," akasema, "na wengine ambao hawapo wamfuate."

Tulitoka. Mimi nilibaki nyuma ya pazia la jikoni, kwa sababu ni mimi. Ndivyo nilivyoyasikia mengi ninayoyaandika hapa.

Alimweleza ugonjwa kwa maneno mepesi, nami nikauelewa, darasa langu la nne na yote. Ni maradhi ya hofu ya ghafla, akasema. Mwili una kengele ya moto. Yako imeharibika, inalia hakuna moto. Kila inapolia wewe unakimbia, na kwa kuwa unakimbia, hujawahi kukaa ukaona kwamba nyumba haiungui.

"Sasa tuizime," Kungwi akasema.

"Hapana, Bibi. Sasa tutaipiga sisi wenyewe, kusudi."

Nimeona ukatili maishani. Nimeuza chapati barabarani Marshalltown na askari wakayamwaga mafuta yangu ya moto mferejini. Lakini ukatili wenye sauti ya asali namna ile nilikuwa sijauona. Daktari alikuwa ameshathibitisha kwamba moyo ni mzima, kwa hiyo hakukuwa na huruma ya kuombea. Alimfanya Kungwi apumue kwa mrija wa soda huku ameziba pua. Alimfanya azunguke kwenye kiti mpaka aone chumba kinamzunguka. Alimfanya aruke palepale, mwanamke mzima, kungwi wa watu, matiti yanagonga kidevu, mpaka moyo ukimbie. Na likija, asiketi, asinywe maji, asishike ukuta.

"Nakufa," Kungwi anasema, machozi yanateremka.

"Unajisikia kufa, Bibi. Endelea."

"Mtoto, una mama wewe?"

"Ninaye. Usiutoe mrija bado."

Baada ya Jumanne ile Kungwi alikaa kitandani, nywele zimeloa. Nikadhani ataivunja simu. Akasema, "Shoga, unajua huyu ni nani?"

"Mshenzi," nikasema.

"Huyu ni kungwi. Hana ngoma, hana khanga, lakini ni kungwi. Anatafuta kinachonitisha halafu ananiletea hicho hicho." Akapangusa pua. "Ananifunda, mwenzangu. Uzee huu nimekuwa mwali." Na akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu Newtown. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaanza kuona mambo yanaelekea wapi.

Ule ugonjwa aliupa jina, mume wa tatu. "Huyu wa tatu hafukuziki," alimwambia msichana.

"Usimfukuze. Mkaribishe, akae, aone hakuna chakula, ataondoka."

"Wa kwanza nilimfanyia hivyo hivyo. Alikaa miaka."

Msichana alicheka mpaka miwani ikateleza, lakini kazi ya wiki hiyo hakuipunguza.

Kisha likaja suala la ngazi, na hapa ndipo sisi tulipofanya tulilolifanya. Msichana alimwagiza ashuke mwenyewe kutoka ghorofa ya tatu mpaka getini, asimame hapo, angoje lije, lipite, ndipo apande. Kungwi alitutajia siku. Hakutuomba kitu. Lakini mwali akitolewa nje hatoki hivi hivi, hata mtoto mdogo wa kwetu anajua. Mwali ana watu mbele na watu nyuma. Kwa hiyo tukajipanga. Ghorofa ya pili nilisimama mimi na maji ya sukari. Ghorofa ya kwanza, mama mmoja wa Tanga na kipepeo. Chini, Mama Neema alifunga saluni yake akatoa kiti mpaka getini, na nyuma yake wateja wawili, vichwa vimesukwa nusu.

Kungwi alishuka ngazi moja moja. Alipofika kwangu nilimnywesha. Alipofika chini alipepewa, akakalishwa, akasimama, akatoa kichwa nje ya geti, akaiona barabara. Tukapiga vigelegele mpaka mwenye spaza, kile kiduka cha ng'ambo, akatoka kutazama nani kaolewa. Tulimpandisha juu tumemzunguka. Nilipika siku hiyo. Nilisema mwenyewe, amepona, na sisi ndio tuliomponya.

Jumanne akamsimulia msichana, kwa fahari. Nilikuwa nyuma ya pazia nikingoja sifa.

Msichana akauliza, "Maji uliyanywa ghorofa ya ngapi?"

"Ya pili."

"Aliyekupa nani?"

"Shoga yangu, mpishi."

"Na kama asingekuwepo?"

Kungwi akavuta khanga mabegani.

"Bibi, hukushuka wewe. Umeshuka mji mzima na wewe uko ndani yake. Hofu yako leo inasema: tumenusurika kwa sababu ya mpishi. Kesho itamtaka mpishi tena, na keshokutwa itamtaka mlangoni, halafu kitandani. Wanakupenda, sisemi hawakupendi. Lakini kila anayekushika mkono anamwambia mume wako wa tatu kwamba ana haki ya kukaa."

Nilitoka nyuma ya pazia. Nilikuwa siwezi tena. "Wewe mtoto," nikaiambia simu, "huyu mtu nimemwogesha mimi. Uliwahi kumwogesha?"

"Shikamoo, Bibi," akasema, bila hata kushtuka. "Asante kwa kumwogesha. Sasa naomba umwache aoge."

Nilimtazama Kungwi anitetee. Alikuwa anaangalia mikono yake. Msichana alipokata simu, Kungwi akasema, taratibu, kwa sauti ile ile ya zamani ya chumbani, "Jumanne usije."

"Nisije?"

"Na siku nyingine pia, usije mpaka nikuite. Chakula nitapika."

"Unajua kupika wewe? Wewe unajua kula tu."

"Nitajifunza."

"Nani aliyekushika, Kungwi? Walipokukimbia wote, nani alikushika?"

"Wewe," akasema. "Ndiyo maana nasema basi."

Maneno mengi mabaya nimeambiwa katika mji huu, mengine kwa Kizulu, mengine kwa bunduki. Hayo manne yalinikaa zaidi.

Nilikwenda Jumanne iliyofuata vilevile. Sikuingia. Nilikaa korido, kwenye ndoo iliyopinduliwa, karibu na mlango wake, na mlango ulikuwa wazi nusu kama kawaida. Niliusikia mrija, nikasikia "bado, Bibi," nikasikia pumzi zinakatika. Alikuwa amefika pale pabaya kabisa, juu kabisa, ndipo umeme ukakatika. Mchana mweupe, jengo zima likazima, na mtandao ukaenda nao.

"Haloo?" nikamsikia. "Haloo? Mtoto? Haloo?"

Hakuna kitu. Baadaye Mama Neema, aliyesimuliwa na Kungwi, alinieleza kwamba uso wa yule msichana uligandia kwenye kioo, mdomo wazi, kama samaki. Kungwi alikuwa peke yake kweli sasa. Nilisikia pumzi yake inapanda kama mtu anayezama. Nikainuka. Nikasema, "Shoga, niko hapa. Nakuja."

Nilisikia miguu inakuja mlangoni, inajikwaa. Nikafungua mikono. Na mlango ukafungwa usoni mwangu, kisha ufunguo ukazunguka kitasani.

Nawaambia, mtu yule alikuwa hajafunga mlango tangu Newtown.

Niligonga. "Kungwi, fungua. Utakufa humo." Hakufungua. Niligonga tena, nikamwita kwa jina lake, lile ambalo hakuna anayeliita. Nilimsikia amejiegemeza upande wa pili, mwili mzima unagonga mbao, tetemeka, tetemeka, kati yangu na yeye ni ubao mwembamba wa jengo la kupangisha. Ilichukua muda. Mama Neema alipanda kuangalia, nikamwonyesha kidole mdomoni. Kugonga kwa mbao kukapungua. Kukaisha. Kukawa kimya, na kimya hicho ndicho kilichonitisha kuliko vyote, mpaka niliposikia kijiko kinagonga ndani ya kikombe. Alikuwa anakoroga chai.

Hakunikaribisha. Nilichukua ndoo nikairudisha ilipokuwa nikaenda zangu.

Baada ya hapo sikupanda tena. Nina kazi, nina wafanyakazi, sili kwa kugonga milango ya watu. Habari zake nilizipata kwa Mama Neema. Ameshuka getini peke yake. Ameshuka, likamshika, akasimama nalo hapo kama mtu anayengoja teksi, watu wanapita. Amefika spaza. Amepanda lifti ya jengo jirani juu na chini mpaka mlinzi akamfukuza akidhani ana wazimu. Siku nyingine ameshindwa, amerudi analia. Msichana kamwambia ashuke tena kesho. Harusi hakurudia, zile zilishakwenda na maikrofoni. Hakuniita. Nami sikwenda, maana alisema mpaka aniite, na mimi neno la mtu nalishika.

Nilimwona mwaka jana. Nilikuwa Marshalltown kununua sufuria, adhuhuri, watu tele, wachuuzi wametandaza njia nzima. Nilikuwa nimefika kwenye roboti, ndivyo huku tunavyoziita taa za barabarani, nikingoja kuvuka, nikageuza shingo, na Kungwi huyo, amesimama hatua chache kutoka ukuta wa jengo la ofisi. Kikapu mkononi. Amekonda, lakini buibui limepigwa pasi. Na uso ulikuwa kijivu. Juu ya mdomo jasho, vidole vinakunjuka na kukunjika. Niliijua hali ile kuliko ninavyoijua mikono yangu. Niliwasukuma watu nikamfikia.

"Dada," nikasema. Sijui kwa nini nilimwita hivyo, sijawahi.

"Usiniguse," akasema. Hakunitazama. Alikuwa anatazama mbele, barabarani.

"Limekushika."

"Limenishika."

"Tangu saa ngapi?"

"Sasa hivi. Liko juu."

"Njoo angalau uegemee ukuta."

"Ukuta nauona. Siutaki." Pumzi ilimkatika, akaingojea irudi. "Umenenepa," akasema.

"Nakula vizuri."

"Nimesikia unapikia hata Wahindi."

"Wananisifu. Wao wanajua kusifu." Nilitaka kucheka nikashindwa. "Shoga, watu wanakutazama. Nipe mkono tuvuke tu. Tukifika ng'ambo nakuachia."

"Ukinishika, ni kama sijatoka ghorofa ya tatu."

"Ni mkono tu, Kungwi."

"Najua ni nini." Ndipo aliponigeuzia macho. Yalikuwa yamejaa ile hofu, mpaka juu, na nyuma yake alikuwa yeye mwenyewe, yule wa ufunguo, hajapungua hata kidogo. "Nenda kanunue sufuria zako."

"Nitasimama hapo pembeni."

"Pembeni ni karibu. Nenda."

Roboti ikawa kijani. Nilivuka. Kila hatua nilitaka kugeuka, na nilipofika ng'ambo nikageuka. Alikuwa palepale, katikati ya njia ya miguu, watu wanampita kama maji yanavyopita jiwe, kikapu kinatikisika. Karibu yangu alikuwepo mchuuzi wa mikanda, Mrundi, mtu mzima mwenye ndevu, naye alikuwa amemwona. Alisimama, akachukua kile kigoda chake cha plastiki.

"Mama yule anaanguka," akasema.

Nikamshika shati. "Kaa chini."

"Si unaona anatetemeka?"

"Naona. Kaa chini."

"Kwani unamjua?"

Ng'ambo, Kungwi alihamisha kikapu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Akavuta hatua moja, akasimama, akavuta nyingine, na hakutazama upande wetu.

"Simjui," nikamwambia, na shati lake sikuliachia mpaka Kungwi alipopinda kona.